Sadaka au Haki?

Mtu apewapo fedha za hazina ya umma ili aitunze ardhi iliyo milki yake mwenyewe, je, huwa amepewa sadaka au amelipwa haki? Suala hili lina uzito wa pekee katika Marekani, nchi ambayo mkulima wake husifiwa kwa kujitegemea, na ambayo serikali yake imeweka katika kaunti nyingi za mashambani ofisi ya kilimo, ambako mwenye shamba huweza kuomba hazina ichangie gharama za kujenga ua wa malisho, kupanda mimea ya kufunika udongo, au kuizuia samadi isitiririke mitoni.

Asili ya msaada huu ni msiba. Nyanda za kati, ambazo majani yake ya asili yalikuwa yamepinduliwa kwa plau ili ipandwe ngano, zilipatwa na ukame katika miaka ya 1930, na udongo usio na mizizi ya kuushika ukachukuliwa na upepo. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku katika sehemu za Oklahoma na Texas. Na kabla mwezi huo haujaisha, ilikwisha kutiwa saini sheria iliyoutaja upotevu wa udongo kuwa hatari kwa ustawi wa taifa, ikaundwa idara ya kuuhifadhi chini ya Hugh Hammond Bennett, mtaalamu aliyekuwa ameonya juu ya jambo hilo kwa miaka mingi.

Naona katika sheria ile ikirari kubwa. Mwenye hati humiliki mipaka ya shamba, lakini udongo ni amana mkononi mwake, kwa kuwa Mola aliuumba kabla yake na wengine watauhitaji baada yake. Naye auharibuye huwadhuru watu asiowajua, walio mbali naye kwa masafa au kwa zama. Ikiwa madhara ni ya wote, taabu ya kuyazuia nayo ni ya wote, na mwenye kuibeba kwa niaba ya wenziwe hastahili kuitwa mwombaji. Taurati iliamuru ardhi ipumzishwe kila mwaka wa saba. Sheria ya Marekani ya mwaka 1985 ilikwenda njia nyingine, ikamlipa kodi ya kila mwaka mkulima akubaliye kuiacha ardhi yake dhaifu chini ya majani kwa miaka 10 hadi 15. Malipo hayo ni ujira.

Lakini haki isiyojulikana na mwenyewe ina thamani gani? Hapa ndipo moyo wangu unapotaabika. Mkulima hapati kitu asipoandikishwa na shamba lake kupewa namba, na kwa namba hiyo hutakiwa ushahidi wa umiliki. Ilhali katika majimbo ya kusini jamaa nyingi za watu weusi zilirithi ardhi kwa vizazi bila wasia wala mirathi kupitishwa mahakamani, hata shamba moja likawa la warithi wengi wasio na hati. Sheria ya kilimo ya mwaka 2018 ndiyo iliyowafungulia mlango wa kuleta ushahidi wa namna nyingine. Wengine walibisha hodi wakafungiwa: mwaka 1999 mahakama iliidhinisha sulhu ya kesi ya wakulima weusi walioishitaki Idara ya Kilimo kwa ubaguzi katika mikopo na misaada tangu 1981 hadi 1996. Na hata leo maombi hupimwa na kupangwa kwa alama, fedha zisitoshe, na ajuaye lugha ya fomu humtangulia ajuaye udongo tu.

Katika Uislamu, miongoni mwa mafungu manane ya wanaopewa zaka wamo wale wanaoitumikia, yaani wenye kuikusanya na kuifikisha. Maana yake ni kwamba kazi ya kuifikisha haki imehesabiwa ndani ya haki yenyewe. Serikali inayokiri kwamba udongo ni amana ya wote, kisha ikamwachia mnyonge peke yake kazi ya kuitafuta ofisi, imetimiza nusu ya wajibu wake. Basi walio na madaraka katika kaunti hizo na waende mashambani, makanisani na sokoni, wampe mkulima habari kwa maneno anayoyafahamu, na wamsaidie kuijaza fomu kabla ya muda wa maombi kupita.