Nani Atachora Uso wa Yesu?

Mzee mmoja wa kanisa letu hapa Oicha, mashariki mwa Kongo, hapendi picha. Kila ninapoingia na michoro ya kufundishia watoto siku ya Mungu, ananikumbusha amri ya pili, ile inayokataza sanamu. Namheshimu, maana hofu yake ina msingi. Injili hazisemi kama Yesu alikuwa mrefu au mfupi, mweusi au mweupe. Mchoraji hana nafasi ya kunyamaza hivyo. Akishika kalamu, lazima pua ipate umbo.

Lakini kitabu cha Kutoka hakiishii sura ya 20, yenye amri hiyo. Katika sura ya 31 Mungu anamwita Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, anamjaza Roho wake, si ili ahubiri bali ili achonge mbao na kufua dhahabu. Ndiye aliyefanya makerubi juu ya sanduku la agano. Basi kuchora kumeruhusiwa. Kinachonisumbua ni uhuru: mchoraji aongeze kiasi gani juu ya yale ambayo Mungu hakuyasema?

Mchoraji Annie Vallotton, aliyezaliwa Uswisi mwaka 1915, alijibu kwa kupunguza. Alichora picha karibu 500 za Biblia ya Kiingereza iitwayo Good News, na michoro yake imo pia katika Agano Jipya la Kifaransa ninalotumia. Ni mistari michache tu: mgongo ulioinama, mikono iliyoinuliwa, nyuso nyingi bila macho wala mdomo. Mtoto mmoja aliniuliza uso umekwenda wapi. Mwenzake akawahi kujibu kwamba yule ni babu yake anatoka shambani. Watoto hawa wamekulia katika mauaji ya raia yaliyoanza huku kwetu mwaka 2014, wengine hawana tena shamba la kurudia, na bado mstari mmoja mweusi uliwapa mtu wao. Unyenyekevu wa mkono ule naushukuru sana.

Wengine walijibu kwa kuongeza. Kaskazini mwa Kameruni, miaka ya 1970, Wakristo wa kabila la Wamafa waliigiza wenyewe habari za Injili, na kutokana na maigizo hayo zikachorwa picha za Jésus Mafa. Yesu ni mweusi kati ya nyumba za mviringo. Si nyumba zetu, wala si msitu wetu na kakao yetu. Nazibandika hata hivyo, kando ya Yesu mwenye nywele za dhahabu aliyeletwa na wamisheni. Sanamu hutawala ikiwa peke yake. Mtoto akiona sura tatu zisizofanana za Bwana mmoja, anajua mwenyewe kwamba hakuna hata moja iliyo yeye. Hilo ndilo jibu langu kwa mzee wetu.

Nje ya kanisa pia nimeona kazi ya picha. Ebola ilipotangazwa Mangina, mji wa huku kwetu, tarehe 1 Agosti 2018 na kutufikia Oicha, wahamasishaji walipita nyumba kwa nyumba na picha za kunawa mikono na za maziko salama. Jirani yangu aliyekuwa akikataa maneno ya redio alikaa akaziangalia moja moja. Barly Baruti wa Kisangani, mchoraji wa katuni, jina lake liko kwenye jalada la kitabu chake cha katuni Madame Livingstone, kama inavyostahili. Lakini aliyechora karatasi zile za Ebola hakuandikwa popote, naye huenda ameokoa watu.

Sasa nimemwomba kijana anayeandika vibao vya maduka hapa kwetu amchore Bezaleli kwenye ukuta wa darasa. Akaniuliza sura yake ilikuwaje. Nikamwambia Maandiko hayasemi, achague mwenyewe, na chini aandike jina lake.