Swali Lisilo na Bei

Kibugu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, maswali yanayoheshimika yana shilingi ndani yake. Bonasi ya chai mwaka huu ni ngapi? Kahawa italipwa lini? Anayeuliza kwa nini mti wa mugumo huzaa bila kuonekana umetoa maua huambiwa akatafute kazi.

Basi mugumo hutoa maua, ila yamefungiwa ndani ya tunda. Pasua changa uone: yamesongamana ukutani yakitazama katikati. Nyigu jike, mdogo kuliko punje ya mchele, hujipenyeza kwenye tundu jembamba lililo nchani, mara nyingi mabawa yakinyofoka mlangoni. Humo ndani huacha chavua aliyokuja nayo, hutaga mayai, hufa. Wanawe wa kiume huzaliwa bila mabawa. Huwapanda dada zao kabla hawajatoka kwenye vijumba vyao, huwatobolea njia ya kutokea, na wengi hufia humo humo bila kuonja upepo.

Najua hilo na halijaniongezea hata senti. Watetezi wa udadisi hupenda kujibu kwamba lisilofaa leo litafaa kesho. Mmarekani Abraham Flexner aliandika makala nzima kuhusu hilo mwaka 1939. Ni kweli hutokea. Lakini utetezi huo unaufanya udadisi kuwa mkopo, na mimi sioni ninachomdai nyigu. Ninachosema ni hiki: swali la bure ndilo linaloachia kitu nafasi ya kujibu kilivyo, kwa kuwa muulizaji hapotezi lolote jibu likimgeukia.

Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Ludwig Krapf akiwa Ukambani, kwa mfanyabiashara Kivoi huko Kitui, aliuona Mlima Kenya na weupe wake kileleni. Kule London, William Desborough Cooley, aliyeichora Afrika akiwa mezani, alizikejeli habari za theluji karibu na Ikweta. Mkulima wa Embu aliuona weupe huo kila asubuhi isiyo na mawingu! Cooley hakukosa akili wala vitabu. Alikuwa na ramani yake ya kulinda, na jibu lingemgharimu.

Umbea nao hujiita udadisi, ingawa mimi ningeuweka kambi ya Cooley. Anayetaka kujua mume wa fulani alilala wapi ana matumizi tayari.

Utaniambia maskini hana muda wa maswali ya bure. Mchuma chai anao, maana kazi imeshika mikono na kuacha kichwa. Akikata majani mawili na chipukizi kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kikapu mgongoni, anaweza kumwaza mbega wa msitu wa juu, mla majani kama kazi, ambaye dole gumba lake ni kigutu tu. Anachumaje? Hilo halimpandishii kilo mizanini, naye bado anataka kujua.