Ukitaja Jina Lisilo Lake

Kombolela tuliyokuwa tukicheza Unyankindi, mjini Singida, ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna mtu mzima aliyetufundisha. Tuliikuta kwa waliotutangulia. Kopo linapigwa teke, mtafutaji analifuata na kulirudisha kwenye duara, na wakati huo sisi tumekwisha kutawanyika kwenye mawe. Akimwona mtu, haitoshi kupiga kelele kwamba kaona mtu. Anataja jina na mahali, kwa sauti ya kusikika na wote: fulani, nyuma ya lile jiwe lililopasuka. Kisha anakimbia kugusa kopo. Akikosea jina, kazi yake yote inakufa. Waliokwisha kukamatwa wanakombolewa wote, kopo linapigwa teke upya, na yeye anaanza kutafuta tangu mwanzo. Ndiyo maana tulikuwa tunabadilishana mashati na kanga huko nyuma ya mawe: mtafutaji mwenye pupa aone kitambaa anachokijua, ataje mtu, tukomboke.

Sasa ninasomesha madrasa Majengo, na sheria hiyo imenirudia kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu. Yuko kidato cha tatu. Jioni huja kukaa barazani kwangu, kwa kuwa pale mtandao unashika kuliko kwao. Gemu anayoipenda ni ya kujificha: wachezaji wa nchi mbalimbali wanaingia kwenye nyumba moja ya kwenye kioo, wengine wanageuzwa vitu, huyu pipa, huyu kiti, huyu chungu cha maua, na wengine wanapewa muda wa kuwasaka. Nimemtazama akiwa pipa. Anatulia, kidole hakigusi kioo, msakaji anapita mbele yake, anarudi, anasimama. Na mtoto anabana pumzi hapa barazani kana kwamba yule mtu aliyeko Uturuki au Brazili atamsikia.

Jioni moja alifungua akakuta tangazo: akaunti imefungwa daima kwa kutumia programu zisizoruhusiwa. Programu gani, haikusemwa. Mechi ipi, siku ipi, haikusemwa. Palikuwa na mahali pa kukata rufaa. Akaandika maelezo marefu kwa Kiingereza chake cha shule, na jibu likaja kabla simu haijatoka mkononi: uamuzi ni wa mwisho. Mavazi ya mchezaji wake, aliyoyanunua kwa fedha ya majogoo aliowafuga mwenyewe, yakapotelea humo humo.

Kaka yangu alisema, “Dada, hilo ni gemu tu, mwache akasome.” Sikubaliani naye. Kijana wa umri ule hajawahi kusimama mbele ya hakimu. Mahakama ya kwanza kumhukumu maishani mwake ni ile ya kwenye simu, na imemfundisha kwamba hukumu huja bila shtaka na rufaa husomwa na mtu asiyekuwapo. Hayo ni mafundisho mazito.

Wala sisemi kwamba hana hatia. Ninaamini hakuchiti, lakini imani ya shangazi si ushahidi. Na kuchiti katika mchezo huu si jambo dogo. Nimeuelewa uzito wake baada ya vijana wa pale barazani kunieleza mitambo inavyofanya kazi. Nyuma ya jiwe la Singida, jiwe ndilo linalokuficha. Mtafutaji awe mwaminifu au mwongo, jicho lake halipenyi mwamba. Kwenye gemu hakuna mwamba. Mara nyingi seva inaipelekea simu ya kila mchezaji habari za mahali walipo wenzake, hata waliojificha, ili simu iwahi kuwachora wakijitokeza. Simu ya msakaji inajua uliko. Sheria tu ndiyo inayoizuia isimwambie. Anayechiti anaingiza programu inayosoma kile ambacho simu inakijua tayari, na kuta zote zinakuwa kioo. Kwa hiyo maficho yenyewe yameumbwa kwa sheria. Sheria ikivunjwa, waliojificha hawajashindwa mchezo, wamevuliwa nguo mbele za watu.

Kuna na uovu mwingine ambao mtambo hauuoni kabisa: kuchoma. Mchezaji aliyekwisha kukamatwa, ambaye sasa anatazama tu, anamtumia rafiki yake msakaji ujumbe wa WhatsApp: yuko jikoni, ni lile sufuria. Hapo hakuna programu ya kunasa. Hapo pamebaki mtu na Mola wake, na watoto wangu wa madrasa wananielewa haraka sana nikifikia hapo, kuliko ninapowasomea habari za wanaopunguza vipimo sokoni.

Mchiti, basi, azuiwe, na wenye gemu wana wajibu wa kumzuia. Swali langu ni la dini: je, aliyepewa kazi ya kuwakamata wavunja sheria anadaiwa nini na sheria hiyo hiyo?

Imesimuliwa juu ya Sayyidna Umar, khalifa wa pili, kwamba usiku mmoja akizunguka Madina alisikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu na pombe yake. Akamkemea. Yule mtu akamjibu kwamba yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, na Amiri wa Waumini amemwasi kwa matatu: amepeleleza, na Sura ya Hujurat imekataza, ameingia kwa ukuta, na Sura ya Baqara imeamuru nyumba ziingiwe milangoni, ameingia bila kubisha hodi wala kusalimu, na Sura ya Nur imekataza. Umar hakubisha. Alimsamehe, akaondoka. Walimu wetu walitusimulia kisa hiki ili kutufundisha uchaji wa Umar. Mimi siku hizi ninautazama ule ukuta. Khalifa aliona kilichofichwa, na alichokiona kilikuwa kweli tupu, na bado njia aliyoiona nayo ilimfunga mikono. Zipo leo programu za kulinda michezo zinazoingia ndani kabisa ya kompyuta ya mchezaji. Vanguard ya kampuni ya Riot, iliyotoka mwaka 2020, huanza kazi tangu kompyuta inapowashwa, kabla gemu haijafunguliwa. Waliozitunga wana hoja: mchiti naye anajificha huko huko chini. Lakini wapande ukuta wakijua kwamba wamepanda ukuta.

Na kosa la Umar, kama ni kosa, lilikuwa kwenye njia. Kosa linaloniuma zaidi ni la jina. Katika Sura hiyo hiyo ya Nur, aya ya 4, anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi kisha asilete mashahidi wanne anapigwa mijeledi themanini, na ushahidi wake hautakiwi tena. Tuangalie mzigo umewekwa wapi. Mtuhumu anaingia barazani akiwa na kitu cha kupoteza. Kila sheria ninayoijua inamtisha mtenda kosa; hii inamtisha na anayenyoosha kidole, na sioni haki ikisimama bila vitisho vyote viwili. Watoto wa Unyankindi, tena wengine Walutheri na Wakatoliki ambao hawajawahi kusikia aya hiyo, walikuwa wanaitekeleza kwa kopo la maziwa.

Singida haina haja ya kutafuta mbali mifano ya majina kutajwa ovyo. Miaka ya 1946 na 1947 watu wengi waliuawa Unyaturu, miili ikiwa na majeraha kama ya kucha za simba. Ikasemwa ni mbojo, watu-simba: binadamu waliofichwa ndani ya ngozi ya mnyama. Serikali ya kikoloni ikakamata, ikashtaki, ikanyonga. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyekaa na Wanyaturu, alichapisha mwaka 1962 makala ya kulipima upya jambo hilo, yaani zaidi ya miaka kumi baada ya kamba kufanya kazi yake. Wauaji walikuwapo, kwa sababu waliokufa walikufa kweli. Lakini mahali ambapo kila mtu anaweza kuwa simba aliyefichwa, jirani uliyegombana naye mpaka wa shamba ndiye anayefanana na simba kwanza. Sifananishi uzito wa vifo na uzito wa akaunti ya simu. Ninachokitazama ni hofu ya kilichofichwa na jinsi inavyomfanya mtafutaji aone shati akadhani ameona mtu.

Na shati la Singida kwenye gemu ni mtandao wetu. Mitambo mingi ya kunasa wachiti hutazama mwendo usio wa kawaida: mtu aliyekuwa mlangoni mara yuko dirishani bila kuonekana akipita katikati. Hivyo ndivyo anavyoonekana pia mtu ambaye bando linasuasua. Sisi habari zetu zinatoka hapa mpaka Dar es Salaam, zinazama baharini kwenye mikongo, zinakwenda kwenye seva ya nchi nyingine, ndipo zirudi. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika kwa pamoja, intaneti ya Tanzania nzima iliyumba siku kadhaa; mwenye kutuma pesa alikwama, na mwenye kucheza alionekana akirukaruka kama jini. Mtunga sheria aliyekaa kwenye mtandao wa kasi hajui kwamba kipimo chake cha uongo kinapima pia umbali wa mtu na bahari. Katiba yetu, ibara ya 13, inampa mtu anayeamuliwa haki yake na mahakama au chombo kingine chochote nafasi ya kusikilizwa kikamilifu na kukata rufaa. Najua seva ya ng’ambo haiko chini ya ibara hiyo. Sababu iliyofanya iandikwe, lakini, haiishii mpakani.

Wenye gemu wanajibu kwamba wakieleza walichokiona, wachiti watajifunza kukwepa. Hoja hii ninaiheshimu. Ndiyo sababu mtambo wa Valve, kampuni ya Marekani, humwacha mchiti aendelee kucheza kwa muda kabla ya kumfungia, ili aliyetunga programu ya wizi asijue ni nini hasa kilichomfichua. Lakini kampuni hiyo hiyo ina historia inayonipa matumaini. Julai 2010 mtambo wake uliwafungia watu wapatao 12,000 waliokuwa wakicheza Call of Duty: Modern Warfare 2, na kosa lilikuwa la mtambo wenyewe. Mkuu wa kampuni, Gabe Newell, akawaandikia akiomba radhi, wakafunguliwa wote, na kila mmoja akapewa gemu ya Left 4 Dead 2 bure, na nyingine ya kumzawadia rafiki. Mtafutaji alitaja majina yasiyo yao, akalipa. Halafu mwaka 2013, katika Counter-Strike, wakaanzisha utaratibu wa wachezaji wazoefu kutazama rekodi ya mtuhumiwa bila kuona jina lake na kutoa hukumu. Na mwenye kuhukumu vibaya, hukumu zake za baadaye zilipungua uzito. Nilipoelezwa hilo nilisimama. Ni ushahidi usiotakiwa tena, umeandikwa kwa hesabu za kompyuta na watu ambao sidhani kama walikuwa wameifungua Sura ya Nur.

Kwa hiyo inawezekana. Siri ya mtambo ibaki siri, hakuna aliyewaomba wafungue jiko. Mtafutaji wa kombolela hakulazimika kueleza alikuonaje, kama alichungulia chini ya mkokoteni au alisikia kikohozi. Alilazimika kusema nani na wapi, na kusimama hapo hapo akikosea. Mungu peke yake anaona kila aliyejificha, na Yeye, pamoja na kuona kote huko, tunamwita Mwenye Kusitiri. Wanaojenga jicho linaloona kila simu wameomba sehemu ya kuona na kuiacha sehemu ya kusitiri. Na yakini ya Mungu hawanayo pia. Aliyekosa yakini alipie makosa yake. Sijui msingi mwingine wa kumpa binadamu mamlaka juu ya binadamu mwenzake.

Mtoto wa kaka aliniletea pendekezo juzi. “Shangazi, nifungue nyingine kwa namba yako? Wao hawatajua.” Nikamkatalia. Akaninyamazia kidogo, kisha akasema kitu kilichonipa kazi: “Lakini si ulisema nyie mlikuwa mnabadilishana mashati?” Nikamwambia tulibadilishana, na mtafutaji alijua kwamba tunabadilishana, kwa sababu ilikuwa haki ya kila mmoja na yeye angebadilisha zamu yake ikifika. Namba yangu ingekuwa shati ambalo hakuna aliyekubali livaliwe. Sina hakika kama nilimridhisha. Alikuna kichwa, akachukua simu, tukaandika rufaa nyingine pamoja, safari hii fupi. Mavazi hatukuyadai, na habari za majogoo hatukuzigusa. Tumewaomba wamtajie mechi na dakika, basi. Na kama hawawezi kuzitaja, wamfungulie.