Siku Tulipomwoza Mama

Mama alikuwa akichambua sambaza kwenye ungo aliponiambia kwamba anataka kuolewa. Hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kuwatenga samaki wale wadogo wa Ziwa Kivu, wazima upande huu, waliopondeka upande ule, kisha akasema kwa sauti ileile anayoulizia bei ya chumvi: "Mwanangu, Fundi ameniposa. Nami nimekubali." Alikuwa na miaka 65. Baba yetu alikuwa amekaa kaburini miaka 20.

Sikumjibu. Nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika, na huko bombani nikalia kama mtu aliyeibiwa. Ilinichukua muda mrefu kujiuliza kilichoibwa ni nini, na kilikuwa cha nani.

Anayeijua Kamembe anajua kwamba mji wetu unaishi kwa kuvuka. Sisi tuko juu ya kilima, chini unapita Mto Rusizi, na ng'ambo yake ni Bukavu, Kongo. Kila alfajiri akina mama hushuka hadi daraja la mpakani la Rusizi ya Kwanza wakiwa na mabeseni kichwani na kibali cha kuvukia mkononi, na jioni hurudi. Mama alikuwa mmoja wao. Biashara yake ya samaki ndiyo iliyotusomesha. Mzigo ukimzidi, aliuhifadhi kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja karibu na soko la ng'ambo, mgane aliyefiwa kama yeye. Yeye Mnyarwanda, Fundi Mshi wa upande wa Kongo, wakaelewana kwa Kiswahili. Serikali yetu ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini barazani pale kilikuwa kimefanya kazi yake zamani, tena kwa salamu tu: umeamkaje, wameamkaje wanao, asante, kesho Mungu akipenda.

Machi 2020 korona ikafunga mpaka. Mama akawa anapiga simu ng'ambo kila jioni, nasi tukadhani anafuatilia wateja wanaodaiwa. Mipaka ya nchi kavu ilipofunguliwa tena rasmi Machi 2022, alishuka darajani bila beseni. Jioni alirudi na gauni la kitenge lililomkaa sawasawa mabegani na kiunoni. Fundi alikuwa amelishona katika miezi ile ya kufungiwa. Hakuwahi kumpima. Vipimo alikuwa navyo machoni.

Usiku wa ile habari, mdogo wangu alinipigia kutoka Kigali. "Dada, mama anatafuta nini? Tumemnyima nini? Pesa tunatuma kila mwezi, bima ya afya ya mituweli tumemlipia, mabati tumebadilisha." Kila alichotaja kilikuwa kweli. Lakini hakuna bati linaloweza kumuuliza mtu ameamkaje. Tulikuwa tumemtunza mama kama watu wanavyotunza nyumba ya urithi: tunaikarabati, tunaifunga, tunafika sikukuu kuitazama. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Sisi tulimwachia mama jifya moja miaka 20, kisha tukashangaa kwamba anatafuta la pili.

Neno tulilolitumia ni aibu. Watu watasemaje? Lakini chini ya aibu yetu kulikuwa na kiwanja. Tuliogopa nyumba aliyoijenga baba isije ikaingia mikononi mwa watoto wa mtu mwingine. Mama alilijua hilo kabla yetu. Alikuwa ameshakwenda kwenye ofisi ya sekta, peke yake, kuuliza. Tangu sheria ya mwaka 1999, ileile iliyowapa mabinti wa Rwanda haki ya kurithi sawa na kaka zao, wanaofunga ndoa wana nafasi ya kuchagua mfumo wa mali zao. Wao walichagua ivanguramutungo, kila mmoja na chake: nyumba ibaki yetu, cherehani za Fundi zibaki za wanawe. Alipotueleza, hoja yetu kubwa iliisha hapohapo. Tukabaki na ile aibu peke yake, bila kitu cha kuifunika, na ilionekana ndogo sana.

Nimeifikiria sana aibu hii, nikaona kwamba haigawanywi sawa. Nelson Mandela alifunga ndoa na Graça Machel tarehe 18 Julai 1998, siku aliyotimiza miaka 80, na dunia nzima ikamshangilia mzee aliyepata faraja. Bibi harusi alikuwa na miaka 52, na sikumbuki kusikia mtu akipiga hesabu ya tofauti. Miaka mitano baadaye, jijini Nairobi, Wambui Otieno, mpigania uhuru na mjane wa wakili S. M. Otieno, aliolewa akiwa na miaka 67 na kijana Peter Mbugua. Hesabu ilipigwa kila mahali, na watu wake wa karibu wakamjia juu. Mwanamume akipenda uzeeni tunasema amepata wa kumtunza. Mwanamke akipenda tunasema amepotewa na akili. Mimi ni mwanamke, na hukumu hiyo niliitoa kwa mama yangu mwenyewe.

Kuna wazee ambao hawana hata watoto wa kuwazuia. Hapa wilayani kwetu Rusizi iko moja ya nyumba za Impinganzima, zilizojengwa kwa ajili ya wazee waliopoteza watoto wao wote katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Zamani waliitwa incike, neno linalochoma. Leo tunawaita Intwaza, na wanaishi pamoja. Nchi yetu ilitambua kwamba mzee hawezi kuishi kwa paa na sahani tu. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye jioni. Kama taifa lililiona hilo kwa waliobaki bila mtu, sisi wenye mama tulishindwaje kuliona?

Basi tulimwoza. Fundi alileta wazee wake kuposa kwa heshima zote, kama anayeposa binti wa miaka 20. Kwa desturi upande wa bibi harusi husemewa na msemaji aitwaye umusangwa mukuru, na mama alimtaka mdogo wangu, yuleyule aliyepinga kuliko wote. Wageni walipomaliza maneno yao, alisimama kujibu, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mama huyu alitulea peke yake. Nawaomba msimwache peke yake tena." Fundi aliinamisha kichwa. Siku ya ndoa ya serikali, mbele ya ofisa, mama alishika bendera ya taifa kwa mkono mmoja na kuinua mwingine, nao haukutetemeka.

Mama amezaliwa na kuzeeka akiliona Ziwa Kivu kila asubuhi, lakini hakuwahi kupanda boti ya abiria. Fundi alipoambiwa hivyo, alikata tiketi za Karongi, na wakasema watoto na wajukuu wa pande zote twende. Tulipoachana na gati, mama alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, kilemba kikipepea, akageuka kukitazama kilima chetu. Alikitafuta, akakipata, akahesabu mabati mpaka akafika kwenye letu. "Kumbe tunakaa pazuri hivi," alisema.

Tulipokuwa tukipita kisiwa cha Nkombo, Fundi akamuuliza mbele yetu sote: "Na marehemu, mlikutana wapi?" Nilishika pumzi. Katika miaka 20 hatukuwahi kumuuliza hilo. Mama akatabasamu. Baba, alisema, alikuwa utingo wa lori la saruji ya Bugarama, kiwanda kikiwa bado kipya. Siku ya kwanza alimsalimia akiwa mweupe kwa vumbi nywele hadi kope, naye mama akamwamkia kama mzee. Kesho yake akaja ameoga, mama asimtambue. Baba akaomba unga wa muhogo kwa muuzaji wa jirani, akajimwagia kichwani palepale sokoni: "Sasa je, unanijua?" Mdogo wangu alicheka mpaka machozi, kisha yakabaki machozi. Baba tuliyemjua sisi ni wa picha ya ukutani, amekaza uso. Nilimuuliza mama kwa nini hakutuambia. "Mlikuwa mkiitazama picha mnanyamaza," alisema. "Nikadhani mnaumia, nami nikanyamaza." Ilibidi aje mume wa pili ndipo turudishiwe baba yetu.

Mpwa wangu, ambaye shuleni wanamfundisha jiografia, alimweleza bibi yake kwamba zamani sana maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Volkeno za Virunga zikaiziba njia. Maji yakapanda mwaka hadi mwaka, mpaka yakapata mlango huku kusini, kwetu, yakawa Mto Rusizi unaokwenda Tanganyika. Mama alisikiliza kwa makini. "Kwa hiyo mto ninaouvuka siku zote," aliuliza, "ni maji yaliyokataa kukaa?" Mtoto akasema ndiyo, bibi.

Ndugu msomaji mwenye mzazi aliyebaki peke yake, sikuombi umtafutie mchumba. Nakuomba kitu kidogo. Ukienda kumtazama, acha kwanza habari za dawa na mabati. Kaa naye kando ya ungo, shika sambaza mkononi, umuulize alikutana wapi na baba yako, na ni safari gani anayoitamani mpaka leo. Halafu usiende kuteka maji. Kaa umsikilize.