Nati Iliyoganda

Kuna swali ambalo mafundi wa Omurushaka hulijibu kila siku bila kuliita falsafa: kitu kilichofungwa kikagoma kufunguka, una haki gani ya kukivunja? Nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu nilipoanza kusoma habari za boti za jeti. Msomaji nivumilie, maana nitaanzia kwenye boti na kuishia kwenye shamba la migomba.

Boti ya jeti haina pangaboi linaloning'inia chini. Injini inazungusha pampu, pampu inavuta maji kupitia tumbo la boti na kuyatema nyuma kwa nguvu, basi boti inakwenda. William Hamilton wa New Zealand aliitengeneza miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya kwao yenye maji haba na mawe mengi. Sisi wa Karagwe na Kyerwa, tuliotengwa na Rwanda kwa Mto Kagera, tunaujua zaidi mtumbwi. Lakini ivue boti ile ganda lake, utakuta pampu, na pampu tunazo: zinamwagilia nyanya, zinapandisha maji kilimani.

Ugonjwa wao ni mmoja. Bodi ya pampu ni alumini, bolti ni chuma kisichoshika kutu, na kati yao kuna unyevu. Metali hizi mbili zikilowa pamoja, alumini inaanza kulika. Inatoa unga mweupe unaojaa kwenye meno ya bolti na kuyakaba. Beringi nayo inashikana na shafti, na sili ya mpira inagandia pale ilipokaa. Fundi mwenye haraka anachomeka bomba kwenye mkono wa spana, anaegemea kwa uzito wake wote, tak! Kichwa cha bolti kimebaki kwenye spana, mwili umebaki ndani. Alikuwa na tatizo moja, sasa anayo mawili.

Fundi ninayependa kukaa kijiweni kwake haanzi hivyo. Anasafisha kwanza. Analoweka kwa mafuta mepesi, anaiacha, anaenda kwenye pikipiki ya mtu mwingine. Akirudi anagonga kidogo kidogo ili mafuta yapenye. Halafu anafanya kitu ambacho mwanzoni kilinishangaza: kabla ya kulegeza, anakaza kidogo tu, ili ule unga upasuke. Ikigoma bado, anapasha moto bodi. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, kwa hiyo tundu linapanuka kuliko bolti. Lakini hapo anakuwa macho sana, kwa sababu chuma kikizidi moto kinakuwa chekundu, kinakuonya. Alumini haibadiliki rangi. Inanyamaza vilevile hadi inakaribia nyuzi 660, halafu inayeyuka mbele yako.

Na sijawahi kumsikia akimtukana aliyekaza. Aliyekaza hakuwa mjinga, alikuwa anazuia maji yasiingie kwenye beringi. Karibu kila kilichoganda kilifungwa na mtu aliyekuwa analinda kitu.

Ningeweza kuishia hapo na kuisifu subira. Lugha yetu imejaa sifa zake. Hata Karagwe ina kisa chake, ambacho mzungu Speke, aliyefika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861, alikiandika: baba yao alipofariki, ndugu watatu waliogombea kiti waliwekewa ngoma ndogo iliyofanywa nzito kwa dawa. Wenzake walishindwa kuinyanyua. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Kisa kitamu, na funzo lake ni kama linajisema: mwenye haki hahitaji nguvu. Ila kumbuka kilikuwa kinasimuliwa wapi. Kilisimuliwa katika himaya ya Rumanyika, yeye akiwa tayari amekalia kiti. Aliyeshinda hawezi kukuambia ngoma ilikuwa nzito.

Subira ina gharama, na mara nyingi anayeihubiri siye anayeilipa. Pampu ikilowekwa siku tatu, fundi anaendelea na kazi nyingine, na nyanya zinazokauka ni za mwenye shamba. Tena kuganda hakusubiri pamoja nawe. Unga ule unaendelea kula bodi usiku na mchana.

Hapa ndipo ninapofika kwenye shamba. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kurithi, lakini ardhi ya ukoo aliweza kuitumia tu maisha yake yote, siyo kuiuza. Hiyo nati ilikazwa kwa sababu. Kibanja kina migomba, kina makaburi, na wazee hawakutaka kitoke mikononi mwa ukoo. Mwaka 1988 mama mmoja hapa Kagera aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia, akamuuzia mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akashitaki. Mahakama ya Mwanzo ikasema mauzo ni batili, ya Wilaya ikasema la, na mwaka 1990 shauri likafika kwa Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza. Yeye alisimama kwenye haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, akatamka kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume.

Kinachonivutia ni alichokiacha. Jaji hakuisambaratisha mila yote. Alibakiza kanuni kwamba ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni bila ridhaa, mwana ukoo anaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi pesa yake, na kuanzia hapo hilo liwahusu wanaume na wanawake. Yaani alikata nati, akaokoa bodi. Kilichokuwa kinalindwa kikaendelea kulindwa, ila si kwa mgongo wa mama.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua malalamiko yanayofanana ya wajane wawili kutoka Shinyanga. Mahakama ilikubali kwamba kanuni zile zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, ikihofia kufungulia mengi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikasema Tanzania ilikiuka haki zao. Miaka tisa ya kuloweka.

Kwa hiyo jibu langu siyo subira wala siyo nguvu. Kabla ya kushika grenda nauliza: hapa kipi hakina spea? Bolti inauzwa dukani, bodi haiuzwi. Na kabla ya kusema "tusubiri" nauliza: tukisubiri, nani anaumia? Kama anayeumia siye anayeamua, basi hiyo siyo subira, ni kumkalia mtu.

Siulizi kwa ajili ya kupamba makala. Ukoo wetu, upande wa Kyerwa, unaandika makubaliano ya shamba la babu, na kalamu nimepewa mimi. Shangazi amelilima shamba hilo tangu ndoa yake ilipovunjika, na kila akiuliza sehemu yake iko wapi, baba wadogo humjibu kwa upole kabisa: dada, subiri kidogo. Wanataka niandike kwamba shamba haligawanywi wala haliuzwi milele na milele. Ninaielewa hofu yao. Nimeyaona mashamba ya majirani yakimegwa hadi makaburi yakabaki kwa watu wasiojua aliyelala pale.

Fundi wangu, kabla ya kurudisha bolti mpya, huipaka grisi kwenye meno. Haifanyi ilegee. Itakaza vilevile, ila yule atakayeifungua baada ya miaka kumi, ambaye hamjui, hatalazimika kuvunja kitu. Nimeandika rasimu hivi: sehemu ya shangazi itajwe kwa mipaka yake, sasa, anayetaka kuuza awape kwanza wana ukoo, wa kike na wa kiume, nafasi ya kununua, na makubaliano haya yaweze kufunguliwa tena kila baada ya miaka kumi. Baba mdogo mmoja ameshasema kipengele cha mwisho kinaleta udhaifu. Tunakaa Jumamosi, na shangazi amesema safari hii atakuwepo.