Kishikwambi Hakina Mjomba

Makarani wa sensa walipomaliza kazi mwaka 2022, Serikali ya Tanzania ilielekeza vishikwambi walivyohesabia watu wapewe walimu. Ulikuwa uamuzi mzuri. Kifaa kilichobisha hodi kaya kwa kaya kuuliza nani alilala humu usiku wa kuamkia Agosti 23 kikageuzwa kuwa chombo cha kufundishia. Mwalimu wa shule ya mbali, ambako kitabu kimoja hugombewa na watoto kadhaa, akaweza kufungua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kusoma vitabu vya kiada bila kulipia.

Lakini kaa na walimu nje ya ofisi, mahali wanapoweza kusema. Watakwambia habari za bando wanalonunua kwa mshahara wao. Watakwambia kifaa kimesainiwa kwa jina la mtu mmoja, kioo kikipasuka ni juu yake, basi heri kikae kabatini. Mzazi naye hana habari. Kijiji kinachojua mbuzi wa nani kaingia shamba la nani hakijui shule yake ina vishikwambi vingapi, wala hakijaona sababu ya kuuliza. Kifaa kimefika kijijini hakina ndugu.

Wazee wetu hawakuiacha kazi ya kufunda ikae bila ndugu. Kwa Wazaramo, Wayao na Wamakonde, mtoto alihesabiwa ukoo wa mama, na mjomba alibeba sehemu kubwa ya dhamana yake. Kijana aliyeingia jandoni alikuwa na mtu wa kumwangalia. Mwali alikuwa na somo wake, kungwi aliyemfunda, na uhusiano huo haukwisha ngoma ilipokwisha. Bi harusi akikosa adabu ukweni, watu hawakuishia kumlaumu yeye. Waliuliza kungwi wake nani. Aibu ilibisha hodi kwa aliyemfunda. Ndiyo maana kungwi hakuchaguliwa ovyo, wala hakuachwa afunde na njaa: alipikiwa, alitunzwa, alivishwa. Watu waliomdai ndio waliomlisha.

Sitaki kuyapamba ya kale. Jandoni kulikuwa na viboko na vitisho, na mtoto mwenye maswali mengi alionekana mjeuri. Hayo yabaki huko huko. Kinachonivuta ni mpango wa dhamana: kila fundisho lilikuwa na mtu wa kuulizwa, na mtu huyo alikuwa na watu nyuma yake.

Yupo atakayesema hayo ni mambo ya ngoma, teknolojia ina kanuni zake. Haya, tuitazame redio. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Njia rahisi ingekuwa kurusha vipindi hewani na kumwachia kila mwenye redio asikilize kwake. Haikufanywa hivyo. Viliundwa vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo, pamoja na kijitabu cha kufuata. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Saa ya kipindi ikifika walikusanyika, wakasikiliza pamoja, na redio ilipozimwa mazungumzo yakaanza. Mbu wa hapa kwetu wanazaliana wapi? Nani hana choo? Tunachimba lini? Vyoo vilichimbwa, mamia ya maelfu. Redio haikuchimba hata kimoja.

Miaka hiyo hiyo elimu ya watu wazima ilikuwa imepamba moto. Mwaka 1967, Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67. Kufikia 1977 hesabu rasmi zilisema wamebaki asilimia 27. Takwimu za enzi zile mtu anaweza kubishana nazo, na mimi nisingeziapia zote. Ila angalia waliofundisha. Wengi hawakuwa walimu kwa taaluma. Walikuwa wanakijiji waliotangulia kujua kusoma, vijana waliomaliza shule ya msingi, wakifundisha majirani kwa posho ndogo. Mzee mwenye wajukuu alikubali kushika chaki mbele ya kijana kwa sababu anamjua ni mtoto wa nani.

Basi sisi tulipotelea wapi? Nadhani tulipotelea kwenye neno bure. Tangu Januari 2016 wazazi hawalipi ada wala michango ya lazima, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Hatua ile iliwafungulia mlango watoto ambao wangebaki kuchunga na kuuza karanga, na sitamuunga mkono anayetaka ada irudi. Lakini wazazi wengi waliposikia bure waliondoa na mguu shuleni. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Humo mna chaki, mna mitihani, mna ukarabati, na leo tunataka bando litoke humo humo. Haliwezi kutoka. Serikali ilikataza kumlazimisha mzazi kuchanga. Haikumkataza kuijua shule ya mwanawe. Na hawa ndio watu wale wale waliobeba mawe na mchanga, wakasimamisha maboma ya shule za kata, wakiisubiri Serikali ilete bati. Nguvu ya kujenga ukuta walikuwa nayo. Ya kujua ukuta ule unafundisha nini, wanasema ni kazi ya mwalimu.

Kwa majirani zetu Kenya kuna mfano ninaopenda kuutaja. Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi na hisabati, alifundisha Keriko, shule ya sekondari ya kutwa huko Njoro, Nakuru. Shule nzima ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Alikwenda kwenye saiba kupakua masomo, akarudi nayo darasani. Kwa sehemu kubwa ya mshahara wake aliwasaidia wanafunzi. Alizifuata familia majumbani, hasa pale mtoto alipokaribia kuacha shule. Mwaka 2019 alitunukiwa Dubai tuzo ya dunia ya walimu, dola milioni 1. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, lakini kuna jambo linanikera katika sifa zile. Tunamsifu mtu mmoja kwa kuibeba dhamana ambayo zamani ilibebwa na ukoo mzima. Mwalimu anayegawa mshahara wake ni mtakatifu, sawa. Kijiji kinachomwachia agawe peke yake nacho kina jina lake.

Hakuna kijiji kisicho na watu wa kazi hii. Kila senta ina fundi simu anayebadilisha kioo kwa bei ya jirani. Kila kata ina mwalimu mstaafu anayechoshwa na kukaa barazani, na binti aliyemaliza kidato cha nne akisubiri asichokijua. Wape kishikwambi kimoja na watoto kumi saa za jioni, darasani, taa ikiwaka, wasome ukurasa pamoja, kisha wakizime waulizane, kama walivyofanya wasikilizaji wa 1973. Bibi anayejua majina ya miti na dawa zake aitwe arekodiwe kwa kifaa hicho hicho, ili mtoto aone kwamba elimu ya humo ndani haitoki mbali siku zote. Na bando likigawanywa kwa kaya halimfilisi mtu. Linamfilisi mwalimu akilibeba peke yake.

Mzazi asiyejua hata kuwasha kishikwambi asijitoe. Kukaa karibu na mtoto hakuhitaji cheti. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa siku hizi haumsubiri mtoto atoke nje. Unamfuata kitandani, saa sita usiku, simu ya baba ikiwa chini ya shuka. Anayeuliza "unaangalia nini, hebu nisomee" amekwisha kufanya nusu ya kazi ya kungwi.

Mkutano mkuu wa kijiji chako upo njiani, na ajenda zitakuwa zile zile: barabara, maji, mpaka wa malisho. Kabla hamjafika kwenye mengineyo, nyoosha mkono. Omba mwalimu mkuu asimame aseme shule ina vishikwambi vingapi, vinafanya kazi vingapi, na bando analipa nani. Akimaliza, usikae chini mpaka pawe na majina ya watu watakaokwenda shuleni Jumatatu, na la kwako likiwa mojawapo.