Kamba Iliyokazwa Usiku wa Bamvua

Kijana mmoja wa Kilambo, Mtwara, alipewa na babu yake kamba mpya ya makumbi. Makumbi yalikuwa yamefukiwa matopeni kwa miezi, yakafukuliwa, yakapondwa, nyuzi zikasokotwa kwa viganja. Usiku mmoja wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, kijana aliegesha mtumbwi wenye magunia ya mpunga kwenye mikoko, karibu na pantoni ya kuvukia Msumbiji. Akaifunga kamba kwenye mzizi, akaivuta kwa nguvu zake zote. Ikafuata, ikafuata, kisha ikakakamaa.

"Shikamoo babu. Nimeshafunga."

"Marahaba. Umeacha ulegevu wa kupanda na maji?"

"Haina haja babu, imekaza kabisa."

Alichokiona kuwa ni uimara, kumbe ni akiba inayokwisha. Ndani ya kamba nyuzi zimejipinda na kupishana. Mvuto wa kwanza huzinyoosha tu, ndiyo maana kamba huwa laini mkononi. Zikishanyooka na kuelekea upande mmoja hazina tena pa kwenda. Mzigo wote huzielemea zenyewe, na hapo kamba hukakamaa. Vuta ngozi ya nyuma ya kiganja chako: hufuata kwa urahisi, halafu hugoma. Nyuzi zake za kolajeni zimefanya vilevile.

Na makumbi ni mavumilivu. Uzi wake wa sentimita 10 waweza kurefuka sentimita 2 na zaidi kabla ya kukatika, kwa kuwa selulosi iliyomo imezunguka kwa mshazari wa karibu digrii 45. Katani ina nguvu zaidi, lakini hukatika kabla haijarefuka kiasi hicho. Kijana aliutumia uvumilivu huo wote alipoivuta kamba.

Kabla ya alfajiri maji yakajaa. Pwani ya Mtwara bamvua hupanda zaidi ya mita 3. Uzi uliokaza kuliko wenzake ukakatika kwanza, mzigo wake ukahamia kwa jirani, naye akakatika. Asubuhi mtumbwi ulikutwa umepinduka kwenye fungu la mchanga, mpunga umeloa maji ya chumvi, na mwenye mpunga anadai chake.

Babu akakipima kwa mkono kipande kilichobaki: chembamba, kirefu kuliko alivyokisokota. Nyuzi zikishateleza hazirudi zilipokuwa, hata mzigo ukiondolewa.

"Hiki kafungie mbuzi," alisema. "Ya mtumbwi tutasokota nyingine. Na kabla ya kufunga, mjukuu wangu, tazama alama ya matope iliyoachwa na maji kujaa kwenye shina la mkoko. Kamba ifike pale bila kuvutwa."